Pipa Moja kwa Yadi Nzima: Kisa cha Oili ya Malori na Matrekta Dar es Salaam

Kisa hiki ni cha mmiliki mmoja wa malori na matrekta jijini Dar es Salaam. Majina ya watu, chapa za magari na chapa za oili zimeondolewa, na idadi ya magari imebadilishwa kidogo ili yadi isitambulike.

## Mandharinyuma

Yadi ipo upande wa viwandani, kando ya Barabara ya Nyerere. Ina malori kumi na moja na matrekta manne. Malori manane ni ya zamani, injini zake ni za pampu ya kawaida, na mengi yameshashushwa injini angalau mara moja. Matatu ni mapya kwa mwenye yadi, ingawa yalishatumika Ulaya. Hayo ni ya Euro 6, kiwango cha Ulaya cha moshi msafi: yana AdBlue, kimiminika cha kusafisha moshi, na kwenye ekzosi yana chujio la masizi ambalo mafundi wanaliita DPF. Matrekta hukodishwa msimu wa kilimo kwenye mashamba ya mpunga mkoani Morogoro, na kila moja huenda na dereva wake.

Kazi ziligawanywa kwa namna ambayo ukiisikia mara ya kwanza unaikubali. Malori mazuri yabaki karibu, bosi ayaone: yabebe makontena kutoka bandarini kwenda bandari kavu za humuhumu mjini. Yale ya zamani, ambayo yakiharibika hayaumizi roho sana, ndiyo yaende safari ndefu ya Tunduma, mpakani na Zambia. Mgawanyo huu una mchango mkubwa kwenye kisa, ingawa hakuna aliyeuhusisha na oili hata kidogo.

Stoo ilikuwa na aina saba za oili. Ndoo zilizobaki robo, galoni zisizo na vifuniko, dumu moja ambalo hakuna aliyejua lina nini. Gari likirudi na oili pungufu, lilijaziwa kilicho karibu na mlango. Mwenye yadi alichoka, akasema anataka aina moja tu, pipa la lita 200, iwekwe kila mahali. Wazo lenyewe halikuwa baya. Yadi yenye oili saba haina oili hata moja inayoaminika.

## Uamuzi wa kwanza

Msimamizi wa stoo alitumwa Gerezani na Kariakoo kuuliza bei. Swali alilokwenda nalo lilikuwa hili: "Oili namba 40 ya dizeli, pipa, shilingi ngapi?" Alizunguka maduka, akarudi na bei nzuri kuliko zote. Ilikuwa SAE 40, ya namba moja (si mbili kama 15W-40), na kwenye lebo, kwa maandishi madogo, API CF, yaani daraja la oili kwa kipimo cha Marekani.

Hakuna aliyefanya uzembe hapo, kwa sababu kila mmoja alikuwa na hoja. Madereva wa Tunduma waliipenda kwa kuwa ni "nzito", na kwao oili nzito ndiyo inayostahimili joto la Dar na kupanda mlima Kitonga na mzigo. Mhasibu aliipenda kwa bei. Fundi mkuu alikuwa na wasiwasi na yale malori matatu, akasema mara moja kwa sauti ya chini, "Bosi, haya mapya yana oili yake," lakini hakuwa na karatasi ya kuonyesha, na mjadala ukapita.

Kwa upande wa matrekta kulikuwa na mazoea ya zamani. Miaka ya nyuma yadi ilikuwa inanunua STOU, oili maalumu ya trekta inayoweza kwenda kwenye injini, giaboksi, haidroliki na breki zinazokaa ndani ya oili. Madereva wa trekta walizoea kujaza kila tundu kutoka chombo kimoja, na kwa oili ile walikuwa sahihi kabisa. Pipa jipya lilipokuja, mkono ukaendelea na kazi yake ileile.

## Kilichotokea

Malori ya zamani hayakuonyesha kitu. Miezi ilipita, yanakwenda na kurudi, na mwenye yadi akaanza kuwaambia wenzake kwamba oili za bei mbaya ni biashara ya wajanja. Hali hiyo ndiyo iliyochelewesha kila kitu kilichofuata, maana kila lalamiko lilijibiwa kwa "mbona yale mengine hayana shida?"

Matrekta yalilalamika kwanza. Dereva mmoja alipiga simu kutoka shambani akisema akikanyaga breki trekta linalia kama geti la chuma lisilopakwa grisi, na likikaribia kusimama linatetemeka. Mwingine akasema jembe linapanda taratibu asubuhi, likishapata moto linakuwa na nafuu. Waliambiwa wavumilie msimu uishe.

Kisha malori ya Euro 6. Taa ya chujio la masizi ilianza kuwaka, ikazimika, ikarudi. Injini ikawa inajaribu kuunguza masizi mara kwa mara, na mara nyingi haimalizi, kwa sababu lori liko kwenye foleni ya Barabara ya Mandela au limezimwa getini likisubiri zamu. Lori moja likapunguza nguvu lenyewe, mzigo juu, likiwa linapanda daraja la juu la Tazara.

Kabla ya hapo, utingo wa lori hilo alikuwa ameshaona kitu. Asubuhi moja alichomoa stiki ya oili, akaifuta, akairudisha, akaichomoa tena. Oili ilikuwa imepita alama ya juu kwa upana wa kidole. Akaenda ofisini na habari njema: "Bosi, injini hii haili oili kabisa. Tena inaongezeka." Watu wakacheka, na kwa muda ule lori likawa mfano wa injini nzima. Oili haiongezeki yenyewe. Ikiongezeka kuna kitu kimeingia, na kwa injini ya dizeli ama ni maji ya rejeta ama ni dizeli.

Wiki chache baadaye taa ya presha ya oili ikaanza kupepesa injini ikiwa sailensa, yaani inaunguruma bila kukanyagwa mafuta. Ushauri wa dukani ukawa wa kawaida: weka nzito zaidi. Wakamwaga, wakaweka 20W-50. Taa ikatulia, kila mtu akapumua, kisha ikarudi. Hapo ndipo neno "feki" lilipoingia, na ugomvi na muuza oili ukaanza.

## Vipimo

Mimi, fundi wa nje ya yadi, niliitwa katikati ya ugomvi huo, na ombi lilikuwa dogo: thibitisha kwamba pipa ni feki.

Kabla ya maabara tulifanya jaribio la bure. Injini ikiwa ya moto, tulichovya stiki na kudondosha tone moja la oili ya lori lile kwenye kadibodi nyeupe, tukadondosha la lori la zamani pembeni yake, na tone la oili mpya kutoka kwenye pipa. Tukaacha hadi kesho yake. Tone la oili mpya lilitandaa kwa rangi moja. La lori la zamani lilikuwa na kiini cheusi kilichofifia taratibu kuelekea nje. La lori la Euro 6 lilikuwa na pete pana, ya njano iliyopauka, imezunguka nje ya weusi. Pete ya namna hiyo ni dalili ya dizeli. Hata ukinusa stiki ulikuwa unaisikia.

Sampuli zikapelekwa maabara, kila moja na chupa yake, zimechukuliwa katikati ya mmwago wakati oili ina moto, wala si mwanzo ambapo uchafu wa chini unatoka wote. Majibu yalikuwa ya aina tatu.

Oili mpya ya pipa haikuwa feki. Ilikuwa SAE 40 halali, ikiwa na mnato, yaani uzito wa kumiminika, unaotakiwa. Ugomvi na muuzaji ukaishia hapo.

Oili ya lori la Euro 6 ilikuwa na dizeli karibu asilimia 6. Hiyo ni nyingi mno. Dizeli kiasi hicho hushusha mnato kwa daraja zima, na ndiyo maana 20W-50 ilisaidia kwa muda kisha ikashindwa: ilianza juu, ikateremshwa na dizeli ileile.

Jibu la tatu hakuna aliyelitarajia. Injini ya trekta moja, ambayo haikuwa imelalamika, ilikuwa na silikoni nyingi na chuma kingi ndani ya oili. Silikoni na chuma vikipanda pamoja, kwa kawaida ni vumbi linaloingia na kukwangua silinda na ringi. Tulipofuata mpira wa hewa kutoka kwenye chujio la hewa tukakuta umepasuka upande wa chini, mahali pasipoonekana mpaka uiname na tochi. Trekta lile lingewekwa oili ya bei yoyote duniani, lingekufa vilevile.

## Uamuzi wa pili

Kwenye matrekta hakukuwa na mjadala. Oili ya injini iondolewe kwenye giaboksi, haidroliki na breki, iwekwe UTTO, oili ya trekta ya sehemu hizo tatu tu, si ya injini, inayokubaliwa na kitabu cha trekta. Breki zinazokaa ndani ya oili zinahitaji msuguano uliopimwa. Oili ya injini haikutengenezwa kwa kazi hiyo, na mlio ule ulikuwa ni diski zinashika na kuachia.

Kwenye injini kulikuwa na njia mbili. Ya kwanza ilikuwa mapipa mawili: 15W-40 ya API CI-4 kwa malori ya zamani na injini za trekta, na 15W-40 ya API CK-4 yenye majivu kidogo, yaani inayoacha majivu machache ikiungua, kwa yale ya Euro 6. Ya pili ilikuwa pipa moja la CK-4 kwa injini zote, kwa kuwa daraja hilo limetengenezwa lifae pia injini zinazotaka CI-4 kurudi nyuma.

Mimi nilipendekeza mapipa mawili kwa ajili ya gharama, hasa kwa vile malori mawili ya zamani yanakunywa oili na kila lita ya kujazia inauma. Mwenye yadi alikataa. Hoja yake: "Fundi, stoo yangu saa kumi na moja alfajiri hakuna mtu anayesoma nyuma ya pipa. Ukiniwekea mawili, siku moja litakwenda lisilotakiwa." Hoja hiyo ilikuwa na nguvu kuliko hesabu yangu ya bei, maana CI-4 ikiingia kwenye lori lenye DPF hakuna atakayejua siku hiyo, na chujio jipya la masizi lina bei ya mapipa mengi. Tukachukua CK-4, lakini si yoyote: tulitafuta ambayo lebo yake imeandika pia idhini ya mtengenezaji wa malori yale matatu. Kwa magari ya Ulaya idhini hiyo ina uzito kuliko herufi za API. FA-4, daraja jingine la API lililoanza pamoja na CK-4 mwishoni mwa 2016 na kukaa nayo rafu moja, tuliiepuka kabisa. Ni nyepesi kwa makusudi na hairudi nyuma kwenye injini za zamani.

Kulikuwa na swali la salfa. Mafundi wa umri fulani wanajua kwamba oili za majivu kidogo kwa kawaida huwa na akiba ndogo ya alkali ya kupambana na tindikali inayotokana na salfa ya dizeli. Woga huo ulikuwa na maana sana zamani. Mwaka 2015 kikomo cha salfa kwa dizeli Afrika Mashariki kilishushwa hadi sehemu 50 kwa milioni, na kwa muda wa kumwaga oili tuliokubaliana, akiba ya CK-4 inatosha. Isipokuwa kwa dereva anayenunua dizeli ya madumu porini, na huyo ana matatizo mengine.

Uamuzi wa mwisho haukuhusu oili. Tuligeuza njia: malori ya Euro 6 yaende Tunduma, ya zamani yabaki mjini. Mwenye yadi alilala na jambo hili siku kadhaa kabla ya kukubali.

## Matokeo

Machujio ya masizi yalitolewa, yakasafishwa, yakarudishwa. Baada ya safari za masafa marefu oili iliacha kuongezeka kwenye stiki. Sampuli zilizofuata zilionyesha dizeli imeshuka hadi kiasi cha kawaida na mnato umekaa ndani ya namba 40. Taa ya presha haikurudi.

Matrekta mawili yalinyamaza breki baada ya kumwaga na kuweka UTTO, moja likihitaji kumwagwa mara mbili kwa sababu oili ya zamani hubaki kwenye pembe za giaboksi. La tatu halikupona. Diski zilikuwa zimeshaungua uso, ikabidi lifunguliwe. Lile la vumbi lilibadilishiwa ringi na silivu.

Malori ya zamani yalileta ugomvi mpya. Siku chache baada ya oili mpya, dereva mmoja alikuja na stiki mkononi, nyeusi tii, akasema tumewawekea oili mbovu, ile ya kwanza ilikaa safi muda mrefu. Alichokiona ni kweli, tafsiri yake ndiyo haikuwa. Oili ya CK-4 ina sabuni nyingi zaidi. Inabandua masizi na lami iliyoganda kwa miaka na kuyabeba. Ile ya kwanza ilikaa safi kwa sababu uchafu uliachwa kwenye injini. Kwa kuwa tulilijua hilo, mmwago wa kwanza tuliufanya mapema na kubadilisha filta, tusije tukaziba njia za oili kwa uchafu uliobanduliwa.

Gharama: oili mpya ni ghali kwa karibu theluthi kwa kila lita. Muda wa kumwaga kwa malori ya masafa ulipanda kutoka kilomita 5,000 hadi 10,000, ukisimamiwa na sampuli. Malori yanayobaki mjini hayakupewa nafasi hiyo. Yanahesabiwa kwa saa za injini, kwa sababu lori linaloshinda linaunguruma kwenye foleni ya bandari linachosha oili bila kuongeza kilomita.

## Uchambuzi

Kosa la msingi lilikuwa kwenye swali lililopelekwa Gerezani. "Namba 40" ni jibu la swali moja tu: mnato wa oili ikiwa ya moto. SAE 40 na 15W-40, zikiwa na joto la nyuzi 100, zinatakiwa zote ziwe kati ya sentistoki (kipimo cha mnato) 12.5 na 16.3. Madereva waliosema ile ya namba moja ni nzito zaidi safarini walikuwa wanalinganisha oili za baridi, zinavyomiminika kutoka kwenye ndoo. Injini ikishapata moto ziko kundi moja. Tofauti inaonekana asubuhi ya Julai pale Makambako au Mbeya, lori limelala nje, na oili ya namba moja inachelewa kufika kwenye tabochaja.

Kinachotenganisha oili hizi ni daraja. CF ni daraja la 1994. CI-4 ilikuja 2002. Injini ya Euro 6 ilibuniwa miaka mingi baada ya CF. Namba kubwa ya mbele inavutia jicho, herufi za nyuma ndizo zinazosema oili inaweza kazi gani.

Je, pipa la CF ndilo lililoharibu machujio ya masizi? Kwa sehemu. Majivu ya oili hayaungui, kwa hiyo yanayofika kwenye chujio yanabaki humo hadi lisafishwe. Lakini kazi hiyo ni ya taratibu, na malori haya yalikuja na majivu yao kutoka Ulaya. Kwa maoni yangu mchango mkubwa ulitoka kwenye safari fupi. Ekzosi haikupata moto wa kutosha, uunguzaji ulikatizwa, injini ikarudia tena na tena kwa kupuliza dizeli ya ziada ndani ya silinda, na sehemu yake ikateremka kwenye kuta za silinda hadi kwenye sampu, bakuli la oili chini ya injini. Pipa liliongeza mzigo juu ya hapo. Mtu angebadilisha oili bila kubadilisha njia, angerudi kwenye taa ileile ndani ya miezi michache.

Kilichofanya kazi vizuri kuliko vyote ni sampuli kuchukuliwa kwa magari yote, hata yasiyolalamika. Trekta la vumbi lisingepatikana kwa njia nyingine. Kilichoshindwa vibaya ni 20W-50, kwa sababu ilifunika dalili ya hatari kwa muda wa kutosha kuongeza uchakavu wa beringi. Presha ikishuka na kimo cha oili kikapanda kwa pamoja, kubadilisha uzito si tiba.

Hofu ya feki ilitupotezea muda, ingawa si hofu ya kipuuzi. Oili feki ipo sokoni, na njia yake rahisi ni ndoo tupu halisi inayojazwa upya. Yadi sasa inanunua kwa wakala mwenye risiti ya EFD na inatoboa kila ndoo kabla ya kuitupa. Walinzi, waliozoea kuziuza ndoo hizo, hawajafurahi.

Bado kuna tundu moja. Lori likiwa Tunduma na oili ikapungua, dereva anajazia anachokipata. Kila lori la masafa hupewa galoni la lita 5 lililofungwa, na linatakiwa kurudi likiwa limefungwa au likiwa na maelezo. Baadhi yanarudi matupu huku stiki ikiwa palepale. Mwenye yadi anadhani yanauzwa njiani, madereva wanasema yanavuja, na fundi mkuu ameanza kuandika kimo cha stiki kabla lori halijatoka getini.